Lassie Alikuwa Dume

Kila nikilisema hili mbele ya mtu aliyekua akimtazama Lassie kwenye televisheni, ananibishia. Lassie, yule mbwa anayesimuliwa kuwa jike, alikuwa dume. Tena si mmoja: yule wa filamu za studio ya MGM na wale waliomfuata kwenye mfululizo wa televisheni, ulioanza 1954 na kuisha 1973, wote walikuwa madume. Wa kwanza aliitwa Pal, mbwa wa aina ya collie mwenye manyoya marefu, aliyezaliwa California mwaka 1940. Mwenye mbwa alimpeleka kwa mfunzaji wanyama aitwaye Rudd Weatherwax kwa sababu ya tabia mbili: kubweka ovyo na kukimbiza pikipiki. Kubweka kulitibika. Pikipiki zilimshinda hata Weatherwax. Ilipofika zamu ya kulipa ada, mwenyewe akaona yasiwe mengi, mbwa abaki hukohuko kufidia deni.

Filamu ya kwanza, *Lassie Come Home*, ilitoka 1943. Pal alijaribiwa akakataliwa. Kazi akapewa jike mmoja mwenye sura ya kupendeza, na Pal akachukuliwa kama mbadala wa kufanya yale ya hatari. Kisha Mto San Joaquin ukafurika, na watu wa studio wakaona hiyo ni bahati, maana mafuriko ya kutengeneza ni ghali. Jike hakuyaweza maji yale. Pal akaingia. Akaogelea mpaka ng'ambo, akajikokota ukingoni, na hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Mbwa yeyote akitoka majini hujikung'uta kwanza, hata umwite vipi. Pal hakujikung'uta. Alikwenda hatua chache akiwa amelowa chapachapa, akalala chini, kichwa kati ya miguu ya mbele, kama kiumbe aliyeishiwa nguvu kabisa. Alikuwa amefundishwa hivyo, na alifanya hivyo mbele ya kamera. Jike akapoteza kazi.

Madume waliendelea kupewa nafasi hiyo kwa sababu za kikazi tu. Wana miili mikubwa zaidi, na jike wa aina hiyo hupukutika manyoya vibaya mno kwa vipindi, jambo ambalo ratiba ya studio haiwezi kulisubiri. Watazamaji walimlilia mbwa jike aliyekuwa dume, na hakuna aliyegundua. Tuseme ukweli, hakuna aliyeangalia huko.

Mambo haya nimeyafuatilia kwa muda mrefu sasa, na anayenivuta zaidi si mnyama aliye mbele ya kamera. Ni yule mwingine. Karibu kila mnyama maarufu wa sinema za zamani ana mwenzake aliyefichwa nyuma yake, mwenye jina jingine, jinsia nyingine, na mara nyingine wala si wa jamii moja naye.

Mfano ni simba wa MGM, yule anayenguruma kabla filamu haijaanza. Wa mwanzo, Slats, alizaliwa kwenye bustani ya wanyama ya Dublin na alifanya kazi enzi za filamu zisizo na sauti, kwa hiyo hakuna aliyemsikia. Jackie ndiye wa kwanza kusikika, mwaka 1928. Miaka ya 1980 ilipotakiwa ngurumo mpya, fundi sauti Mark Mangini alitumia sauti za chui milia, akisema simba hatoi mkoromo mkali wa namna ile waliyoitaka. Macho yanamwona simba, masikio yanamsikia chui milia, na ubongo unakubali bila swali.

Filamu za Tarzan za miaka ya 1930, zile za Johnny Weissmuller, ndizo zinazonichekesha kuliko zote. Msitu ule unadaiwa kuwa wa Afrika. Tembo wake ni wa Asia, kwa sababu hao ndio waliopatikana Marekani wakiwa wameshafundishwa kazi, na wamevalishwa masikio makubwa ya bandia ili wafanane na wa kwetu. Anayemjua tembo hadanganyiki hata masikio yangekuwa makubwa kama tanga. Mtazame mgongo: wa Asia umebinuka juu, wa Afrika umebonyea katikati. Na lile cheko la ajabu linalosikika vichakani katika filamu za msituni za miaka ile ni la kukabura, ndege wa Australia. Kwa miaka mingi Hollywood iliuza Afrika yenye tembo wa Asia na ndege wa Australia, na dunia ikanunua.

Wa majini naye hakusalimika. Flipper, yule pomboo wa mfululizo wa 1964 hadi 1967, aliigizwa zaidi na majike, kwa kuwa ni wapole kuliko madume na ngozi zao hazina makovu mengi ya kupigana. Aliyetumika sana aliitwa Kathy. Mfunzaji wao, Ric O'Barry, amesimulia mara nyingi kwamba Kathy alimfia mikononi mwaka 1970, na kwamba anaamini pomboo yule aliamua mwenyewe kuacha kupumua. Pomboo havuti pumzi bila kukusudia kama sisi. Kila pumzi ni uamuzi. Kuamini tafsiri ya O'Barry au kutoiamini ni shauri la msikilizaji, ila alichofanya baadaye kiko wazi: siku chache tu zilizofuata alikamatwa na polisi akijaribu kumfungulia pomboo mwingine huko Bimini, kisiwa cha Bahamas, na tangu hapo maisha yake yote yamekuwa ya kupinga biashara aliyoisaidia kukua.

Ukiniuliza ni nani fundi kuliko wote, sitasita: farasi. *Mister Ed* ilirushwa kuanzia 1961 hadi 1966. Ni kichekesho cha farasi anayeongea na mtu mmoja tu, mmiliki wake Wilbur, aliyeigizwa na Alan Young. Jina halisi la farasi lilikuwa Bamboo Harvester. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba midomo yake ilichezeshwa kwa kumpaka siagi ya karanga ndani ya mdomo, naye akawa anahangaika kuilamba. Hadithi tamu. Young mwenyewe ndiye aliyeisambaza, na baadaye akakiri kwamba aliitunga, kwa kuwa watengenezaji walihofia watoto wangevunjika moyo wakijua mbinu halisi.

Ukweli ndio huu. Mfunzaji, Les Hilton, alianza kwa kupitisha uzi mwembamba wa nailoni chini ya mdomo wa juu wa farasi. Akiuvuta kidogo, mdomo unacheza. Siku zilivyokwenda uzi ukawa hauna kazi, kwani farasi alijifunza kuchezesha mdomo kila Hilton alipomgusa kwato. Kisha hata kuguswa kukawa hakuna haja. Young alisimulia kwamba farasi alikuwa akisubiri yeye amalize sentensi yake, na palipotokea kimya tu, anaanza kuchezesha mdomo. Yaani alijua zamu yake. Ukipata nafasi ya kutazama kipindi chochote cha zamani cha mfululizo huo, usimwangalie Wilbur. Kaza macho kwenye sikio la farasi. Linageuka kumfuata Young anapozungumza, linatulia, halafu mdomo unaanza. Wapo waigizaji wa binadamu wanaolipwa fedha nzuri na hawawezi kusubiri mwenzao amalize.

Sauti ya farasi huyo ilikuwa ya Allan Lane, mwigizaji aliyekuwa steringi wa filamu za wachunga ng'ombe miaka ya 1940, ambaye nyota yake ilikuwa imeshazima. Jina lake halikuandikwa popote kwenye orodha ya waigizaji wa mfululizo ule. Ed alitajwa kuwa ameigizwa na Ed mwenyewe. Kwa Pal mnyama alifichwa nyuma ya mhusika. Hapa binadamu ndiye aliyefichwa nyuma ya mnyama, tena binadamu aliyewahi kupanda farasi kwenye mabango ya sinema.

Mtu anaweza kudhani katuni zimeepuka haya yote, kwa kuwa mle hakuna mnyama halisi. Wapo, ila wamejificha zaidi. Wakati Disney wanatengeneza *Bambi*, iliyotoka 1942, waliletewa ndama wawili wa paa kutoka jimbo la Maine, wakawekwa studio ili wachoraji wawatazame wanavyosimama, wanavyojikuna, wanavyokunja miguu. Mchoraji Rico Lebrun aliwafundisha wenzake mifupa na misuli ya paa, tena si kwa kitabu bali kwa mzoga. Lakini paa ana tatizo moja kwenye katuni: macho yake yako kando ya kichwa na uso wake hauonyeshi hisia. Marc Davis alilitatua kwa kuchukua hisia za uso wa mtoto mchanga na kuzihamishia kwenye uso wa yule ndama. Kwa hiyo ukimtazama Bambi akiteleza kwenye barafu, miguu ni ya paa, na mshangao ni wa mtoto wa mtu.

Tom wa *Tom and Jerry* yeye hakuhitaji paka. Kile kiyowe chake kirefu mkia unapobanwa kwenye mtego kilitoka kooni mwa William Hanna, mmoja wa waasisi wawili wa katuni hiyo, aliyejifungia studio akapiga kelele mwenyewe. Hanna na Joseph Barbera walitengeneza vipande 114 kati ya 1940 na 1958 na kuzoa Oscar saba, na katika kazi yote hiyo paka na panya karibu hawasemi neno. Muziki wa Scott Bradley ndio unaosema. Ndiyo maana watoto wa lugha zote walimwelewa Tom bila mkalimani. Sungura Bugs Bunny naye amewafanya watu waamini kwamba karoti ndiyo chakula kikuu cha sungura, wakati sungura ni mla majani na nyasi, na mizizi yenye sukari nyingi humvuruga tumbo. Ile karoti aliibeba kwa Clark Gable, aliyeitafuna huku akizungumza katika filamu ya 1934. Mzaha wa mwaka mmoja ukageuka kuwa ushauri wa lishe wa karne nzima. Na kama kuna aliyewahi kumhurumia yule koyote, mnyama wa Amerika jamii ya mbwa, anayemkosa ndege Road Runner kila siku, ajue kwamba jangwani mambo ni kinyume: koyote anamzidi mbio yule ndege kwa mbali sana.

Hapo katikati, kati ya katuni na mnyama hai, yupo King Kong wa 1933. Sanamu yake ilikuwa na urefu wa sentimita 45 hivi, imefunikwa ngozi ya sungura, ikisogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Tazama manyoya ya kifua chake, yanatikisika kana kwamba kuna upepo. Ni alama za vidole vya mafundi waliokuwa wakimshika kumsogeza. Wenyewe waliliona kama kasoro. Mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote katika filamu ile, maana ni mahali pekee ambapo aliyefichwa anajitokeza.

Mpaka hapa ni udanganyifu usiomuumiza mtu, nami niko tayari kudanganywa hivyo kila jioni. Upande mwingine unahitaji moyo.

Kwenye filamu za vita na za wachunga ng'ombe farasi huanguka. Siku hizi huanguka kwa sababu amefundishwa, kwenye udongo uliolainishwa. Zamani kulikuwa na kitu walichokiita Running W. Miguu ya mbele ya farasi ilifungwa vikuku vilivyounganishwa na waya mrefu, na mwisho wa waya ulifungwa kwenye nguzo iliyozikwa ardhini. Mpanda farasi anamtoa mbio za kufa mtu. Waya unapoisha, miguu ya mbele inang'olewa chini yake kwa mara moja na mnyama anapinduka kichwa mbele. Mpandaji anajua lini waya utaisha. Farasi hajui. Katika *The Charge of the Light Brigade* ya mwaka 1936, inayosimuliwa kuwa ndiyo iliyomfanya Errol Flynn akosane vikali na mwongozaji wake, farasi wapatao 25 walikufa au ilibidi wauawe baada ya kuumia. Miaka mitatu baadaye, katika *Jesse James*, farasi aliangushwa kutoka kwenye genge refu hadi mtoni akafa, na safari hii watu walipiga kelele. Kelele hizo ndizo zilizoliingiza shirika la kutetea wanyama la American Humane kwenye viwanja vya kupigia filamu kuanzia 1940. Ile kauli ya mwisho wa filamu, kwamba hakuna mnyama aliyeumizwa, ilionekana kwa mara ya kwanza kwenye *The Doberman Gang* ya 1972. Kabla ya hapo hakuna aliyeahidi lolote.

Ila angalau filamu ya vita haijidai kuwa ukweli. Inayonikera mpaka leo ni *White Wilderness* ya Disney, ya mwaka 1958, iliyopata Oscar ya filamu bora ya kumbukumbu. Ndani yake kuna lemingi, wanyama wadogo jamii ya panya wa nchi za baridi, wanaoonekana wakimiminika kwa wingi kuelekea ukingo wa genge na kujitosa majini kufa. Msimulizi anatuambia kwa sauti nzito kwamba ni silika. Mwaka 1982 televisheni ya CBC ya Kanada ilifichua yaliyotendeka. Lemingi hao walinunuliwa Manitoba na kupelekwa Alberta, jimbo lisilo na bahari wala lemingi wa aina hiyo. Wachache wao waliwekwa juu ya meza inayozunguka iliyofunikwa theluji ili waonekane ni kundi lisilo na mwisho. Kisha wakasukumwa na kurushwa mtoni. Lemingi hawajiui. Huhama wanapozidi kuwa wengi, na wengine huzama wakijaribu kuvuka maji, basi. Lakini mtu mmoja na kamera yake aliwatupa wanyama majini, tukaambiwa wamejitupa wenyewe, filamu ikapewa tuzo, na hadi leo wapo watu wazima wenye elimu zao wanaotumia lemingi kama mfano wa kufuata mkumbo hadi kifo.

Halafu kuna filamu zilizowabadilisha waliozitengeneza. *Born Free* ya mwaka 1966, kisa cha Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson nchini Kenya, ilihitaji simba wengi, kwani Elsa mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1961. Wawili kati ya walioletwa, Boy na Girl, walikuwa simba wa kikosi cha jeshi la Uingereza, Scots Guards. Filamu ilipokwisha wengi walipelekwa kwenye bustani za wanyama, yaani filamu ya kusifia uhuru ilimalizika kwa waigizaji wake kufungiwa. George Adamson, aliyekuwa mshauri, alichukua wachache akiwamo Boy akawarudisha porini. Mwaka 1971 Boy alimuua msaidizi wa George, na George akampiga risasi simba wake kwa mkono wake.

Waigizaji wakuu, Virginia McKenna na mumewe Bill Travers, walirudi Kenya kupiga filamu nyingine, safari hii ya tembo. Mmoja wa tembo hao alikuwa mtoto wa miaka kama miwili aliyeitwa Pole Pole. Alikuwa amekamatwa ili apelekwe London Zoo kama zawadi. McKenna na Travers waliomba wamnunue wamwachie porini Tsavo. Wakajibiwa kwamba inawezekana, ila atakamatwa mwingine wa kupelekwa badala yake. Wakashindwa kukubali mtoto mwingine atolewe kwa mama yake ili huyu wao apone. Pole Pole akaenda London.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walisikia kwamba ameanza kuonekana mkorofi na huenda akauawa. Wakaenda kumwona. Hawakuwa wameonana naye kwa zaidi ya miaka kumi. Walisimama upande wao wa uzio wakamwita kwa jina, naye akaja, akanyoosha mkonga mpaka ukagusa mikono yao. Kulikuwa na kampeni, barua magazetini, mipango ya kumhamisha. Oktoba 1983, wakati wa maandalizi ya kumtoa pale, aliumia mguu na wenye bustani wakamuua. Hakuwa amefika hata miaka ishirini, na tembo anaweza kuishi sitini. Mwaka uliofuata wawili hao walianzisha kikundi cha kuchunguza hali za wanyama kwenye bustani hizo, kilichokuja kuwa Born Free Foundation.

Leo kompyuta inafanya yote hayo bila kumfunga yeyote. *The Lion King* ya mwaka 2019 haina simba hata mmoja wa kweli. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alisema ni picha moja tu ndani ya filamu nzima iliyopigwa kwa kamera ya kawaida, ile ya jua kuchomoza mwanzoni. Kwa upande wa wanyama hiyo ni nafuu kubwa, sina ubishi. Kwa upande wa macho yangu, nyuso zile hazikunigusa. Simba wa 1994 waliochorwa kwa mkono wananiliza bado, kwa sababu mchoraji hakuogopa kuazima uso wa binadamu. Wa 2019 walitaka kuwa wa kweli, na simba wa kweli hakunji uso akiwa na huzuni.

Kesi ambayo sijaimaliza kichwani ni ya Keiko. *Free Willy* ya mwaka 1993 inahusu nyangumi muuaji anayesaidiwa na mtoto kutoroka bwawa la maonyesho. Filamu ikavuma, kisha watu wakagundua kwamba aliyemwigiza Willy bado yuko kwenye bwawa dogo jijini Mexico City, ngozi imejaa vidonda. Watoto wakaanza kutuma fedha. Mwaka 1996 alihamishiwa Oregon, mwaka 1998 akarudishwa maji ya Iceland alikokamatwa akiwa mdogo, na 2002 akaachiwa. Alikufa kwa homa ya mapafu Desemba 2003. Wapo wanaosema jaribio lile lilishindwa, kwa sababu hakuwahi kujiunga na kundi la nyangumi wenzake. Mimi nasema miaka mitano ya bahari kwa kiumbe aliyekula samaki wa ndoo karibu maisha yake yote si kushindwa, ingawa naelewa hoja yao. Mruko ule maarufu wa mwisho wa filamu, Willy akipaa juu ya mtoto na kuvuka ukuta wa mawe, haukuwa wake, ulikamilishwa kwa kompyuta. Keiko alipofunguliwa kweli aliogelea zaidi ya kilomita 1,000 hadi Norway, akaingia kwenye ghuba yenye watu, akawa anazifuata boti zao huku watoto wakimpanda mgongoni, mpaka serikali ikabidi ipige marufuku watu kumkaribia.